Watoto Hawahesabiwi

Jina lake la ubatizo lilikuwa Rosalie, lakini pale kilimani aliitwa hivyo na padri peke yake, tena siku za kuungama tu. Watu wengine wote walimwita Mama Edmond. Edmond alikuwa amezikwa tangu mwaka 1944, na jina lake lilikuwa bado linatembea na mama yake kisimani, shambani na kwenye njia ya kushuka Burungu. Mwanamke huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, na mauti hayabatilishi jina.

Nyumba ilikaa juu kabisa ya mteremko, pale ambapo ukungu huingia asubuhi bila kubisha hodi. Alilima maharagwe juu, mihogo chini kwenye bonde lenye joto kidogo, na nyuma ya nyumba alikuwa na migomba. Mumewe, Séraphin, alifanya kazi kwa mzungu mmoja mwenye shamba la pareto. Alirudi Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili baada ya sala, akinuka yale maua makavu yanayoua wadudu. Siku nyingine zote Rosalie alikuwa mama, baba na mlinzi wa shamba dhidi ya nyani.

Alikuwa na watoto. Wangapi, hukuweza kumwuliza. Ukimwuliza alikutajia majina: yuko Adelaïde, wa miaka saba, aliyeanza mwaka wa kwanza wa shule, yuko Léopold, ambaye bado ni wa mgongoni. Akimaliza majina alinyamaza, na kama ulitaka jumla, uliitafuta mwenyewe nje ya ua wake. Katika nyumba nyingi za mlima ule, chenye uhai hakihesabiwi. Gunia lina hesabu, jembe lina hesabu, ndizi kwenye mkungu zina hesabu. Mtoto na mbuzi wana majina. Anayewahesabu anawaonyesha, na anayewaonyesha hajui ni nani anayetazama.

Hofu ya namna hiyo si ya milima ya Masisi peke yake. Ukitembea vya kutosha utakuta wafugaji wasiotaja idadi ya ng'ombe wao hata mbele ya hakimu, na mabibi wa mjini, wenye redio na saa ya ukutani, wasiokubali mtu ataje kwa sauti miezi ya mimba zao. Lakini kwa wengi ni mazoea tu, kitu ambacho mtu hukifanya bila kukumbuka kwa nini. Hofu ya Rosalie ilikuwa na tarehe.

Mwaka 1943 karani wa serikali alipanda mlima na kitabu kikubwa, akawekewa meza mbele ya nyumba ya kapita, mkuu wa kijiji, na watu wakapangwa mstari. Rosalie alikuwa amemshika Edmond mkono, na Céline alikuwa mgongoni. Karani alitaka idadi, yeye akataja majina. Karani, aliyekuwa na mistari mingi ya kujaza kabla ya mvua, akagonga meza kwa kalamu: majina ameshayaandika, sasa anataka hesabu, ao mama huyu hajui kuhesabu hata watoto wa tumbo lake? Watu wakacheka. Rosalie akasema, "Wawili." Mwaka uliofuata kuhara damu kulipita mlimani kama moto katika nyasi kavu, akawazika wote katika juma moja, Céline Jumatatu na Edmond Ijumaa.

Tangu juma hilo alijua sababu. Hakuna aliyemfundisha na hakuna aliyeweza kumwondolea.

Alipozaliwa Adelaïde, na baadaye Epiphanie, aliwakinga na hesabu kama wanawake wengine wanavyowakinga watoto na baridi. Karani aliporudi, aliwaficha katika migomba, akaenda mezani na kusema hana mtoto, na neno hilo likaandikwa. Epiphanie hakuhesabiwa na mtu. Alikufa kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili. Rosalie aliutafuta mdomo uliomhesabu, na kwa kuwa hakuupata, alichagua mmoja: wa jirani yake Verdiane, mwanamke mcheshi aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto, ambaye alizoea kuhesabu kila kitu, hata hatua za kutoka kisimani. Hakumshtaki mbele ya watu. Aliacha tu kumsalimu. Miaka mitatu ikapita hivyo, mashamba yao yakitenganishwa na mstari mmoja wa matete.

Shule ilikuwa kanisa dogo la miti na udongo, Jumapili nyumba ya sala, siku nyingine darasa. Mwalimu Evode, kijana wa kutoka Kalehe upande wa ziwa, alifundisha kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wa watoto waliisikia vizuri kwa mara ya kwanza kinywani mwake, kwani nyumbani ni Kihunde. Kila mwezi wa sita padri mkaguzi alikuja kutoka misioni kuwajaribu. Aliyepita aliingia mwaka wa pili. Aliyeanguka alirudi nyumbani moja kwa moja, kwa sababu mabenchi yalikuwa manne na nje ya mlango walikuwapo wadogo wakingoja kuyakalia. Mvulana aliyeanguka aliweza kuombewa nafasi na baba yake. Kwa msichana hakuna aliyefikiria kuomba.

Séraphin alitaka binti yake apite. Kule kwenye pareto alikuwa amewaona wenzake wakipokea barua kutoka nyumbani na kusomewa na watu waliokula nusu ya maneno njiani. Alitaka awepo mtu mmoja katika nyumba yake ambaye karatasi haiwezi kumdanganya. Rosalie naye alitaka hivyo, kwa sababu yake mwenyewe aliyoificha: mtu anayejua kuandika hukaa upande wa pili wa meza.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, baada ya sala, Evode aliwazuia wazazi wasiondoke. Akawaambia kwamba yale ambayo watoto wanajifunza asubuhi, mvua ya saa nane inayafuta. Mwalimu peke yake hawezi. Kila siku mtoto asome kidogo mbele ya mzazi, hata kama mzazi hajui kusoma, na ahesabu vitu vya nyumbani: kuni, kuku, mbuzi, ndugu zake. Alipofika kwenye ndugu, mguno ukapita katika kanisa. Evode aliusikia.

"Hata kwetu ile mambo iko," akasema. "Mama yangu hakuhesabia sisi hata siku moja. Lakini padri ataulizia, na mama zenu hawatakuwa pale kujibu."

Rosalie alirudi nyumbani na nusu ya shauri lile. Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja kwa watoto wawili. Adelaïde alikichukua Jumanne na Alhamisi, amekifunga ndani ya jani la mgomba. Mara za kwanza Rosalie aliona aibu kuketi mbele ya kitabu, kama mtu anayetazama sahani ya mwingine. Kisha akaanza kutazama kidole. Mtoto alifuata mistari kwa kidole, na kuna siku mdomo ulitangulia, kidole kikabaki nyuma kinazurura. Mwanamke aliyelima tangu utoto anajua mkono unaofanya kazi na mkono unaojifanya.

"Unasoma ao unaimba?" akamwuliza.

"Ninasoma, mama."

"Basi anzia hapa." Akaweka kidole chake mwenyewe katikati ya ukurasa, popote kilipoangukia.

Adelaïde akakirudisha kidole chake juu, kwenye mstari wa kwanza. Ukurasa mzima alikuwa ameushika kwa kichwa, kama watu wazima walivyoshika katekisimu. Rosalie hakumpiga wala hakucheka. Kuanzia siku hiyo walianzia katikati, au chini kabisa wakipanda juu, na baada ya majuma machache kidole na mdomo vikaanza kwenda pamoja. Siku zisizo na kitabu mtoto aliandika kwa mwiba juu ya jani bichi la mgomba. Mkwaruzo hauonekani kwanza, halafu unageuka mweusi polepole, na neno linatokea. Jumatano moja mbuzi alikula somo zima. Adelaïde alilia, na mama yake akamwambia sasa mbuzi naye ataingia mwaka wa pili.

Katika hesabu Rosalie alikuwa mwalimu hodari kuliko alivyojijua. Wakati wa kupanda alichimba yeye, mtoto akatia mbegu tatu tatu. Shimo hili na lile, mbegu ngapi? Na lile la mbele? Wakichambua maharagwe kwenye ungo, alimpa kumi, akatoa yaliyotobolewa na wadudu, akauliza yaliyobaki. Ilipofika Pasaka, mtoto alijibu kabla mama hajamaliza kukunja vidole vyake.

Lakini hesabu za Evode zilijaa watu. Siku moja Adelaïde alikuja na hii: mama ana watoto watano, wawili wamekwenda kuchota maji, nyumbani wamebaki wangapi? Rosalie aliweka jembe chini.

"Mama ana viazi vitano," akasema. "Viwili vimeliwa."

"Mwalimu alisema batoto."

"Kwa mwalimu ni batoto. Hapa ni viazi."

Ikawa desturi ya nyumba. Kila hesabu iliyovuka ua iligeuzwa: watoto wakawa viazi, mbuzi wakawa kuni, askari wa gwaride wakawa mahindi. Majibu yalikuwa sawasawa, na mtoto hakuona ubaya. Akavirudisha viazi shuleni. Evode alipomwuliza mbele ya wenzake ni watoto wangapi wamebaki nyumbani, alisimama wima na kusema, "Viazi vitatu, mwalimu." Darasa lilicheka mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakakimbia. Wakamwita Binti Kiazi. Evode naye alicheka kidogo, kisha akaacha.

Mwisho wa mwezi wa tano alipanda mteremko siku ya Jumamosi, makusudi amkute Séraphin. Akapewa kigoda na kibuyu cha pombe ya ndizi, akazungumza kwanza habari za mvua. Halafu akasema alichokuja kusema. Padri yule amechoka na watoto wanaokariri kama kasuku. Ili ajue mtoto anafikiri, huwauliza hesabu za kwao: nyumbani mko wangapi, mama yako ana watoto wangapi, fulani akiondoka mtabaki wangapi. Mwaka uliopita wasichana watatu walinyamaza mbele ya swali hilo. Sasa wako kwao, na majembe.

"Mutoto huyu akili yake inatosha mwaka wa pili na wa tatu," akasema. "Lakini mukimufungia mdomo, padri atajuaje?"

"Amuulize mambo ya viazi," Rosalie akajibu.

"Mama Edmond, padri hajui viazi vyako."

Evode alipoondoka, mume na mke walibaki nje ya nyumba. Séraphin hakuwa mtu wa kufoka. Alijaribu njia yake ya siku zote. Akasema mizimu ya mlima ule haina shida, kwa kuwa shule inahesabu kwa Kiswahili, na wazee wale walikufa zamani kabla lugha hiyo haijapanda huku. Yeye mwenyewe, akiwa hai na ana masikio mawili, alihangaika nayo mwaka mzima kwa mzungu. Je, marehemu wamefundishwa na nani? Rosalie alicheka bila kutaka. Kisha kicheko kikamtoka usoni.

"Karani aliniuliza kwa Kiswahili," akasema. "Na mimi nilijibu kwa Kiswahili."

Kesho yake, kabla ya kushuka kwenye pareto, Séraphin alimwambia Adelaïde kwamba padri akiuliza, ajibu. Alipokwisha kupotea njiani, Rosalie alimwambia mtoto ataje majina tu. Kwa hiyo msichana wa miaka saba alikwenda kwenye mtihani na amri mbili.

Siku ile ilikuwa na jua kali. Wazazi walikatazwa kuingia, lakini mlango wa kanisa haukuwa na ubao, ulikuwa tundu tu, na Rosalie alisimama hapo na Léopold mgongoni amelala. Kando yake, chini ya ukuta, walikaa watoto wa mwaka ujao wakitazama mabenchi. Padri alikuwa ameketi mezani na karatasi na kalamu ya risasi. Hakuwa mkali. Alimfungulia Adelaïde kitabu katikati, akamwonyesha mstari, na mtoto akausoma, kidole na mdomo pamoja. Akakifungua mahali pengine; akasoma. Akampa kumi na tatu kutoa sita. Akajibu kabla padri hajaishusha kalamu. Evode, aliyekuwa kando ya ukuta, alianza kutabasamu.

"Mama yako ana watoto wangapi?" padri akauliza.

"Adelaïde na Léopold."

"Hayo ni majina. Nimeuliza wangapi."

Padri akangoja, kisha akangoja tena. Nzi walikuwa wanasikika. Ncha ya kalamu ikasogea kwenye karatasi, mahali penye jina lake. Adelaïde akageuza kichwa na kumtazama mama yake mlangoni.

Baadaye Rosalie alijiuliza mara nyingi aliona nini wakati ule. Aliona meza, kalamu, mtu anayengoja namba, na mtoto wake amesimama upande ule ule aliosimama yeye. Hakufikiri zaidi ya hapo. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, mara moja, kidogo sana.

"Wawili," Adelaïde akasema.

Akapita. Alikuwa wa pili katika darasa zima, na Séraphin aliyapata maneno hayo kwenye pareto kabla ya Jumamosi, akarudi na kipande cha nyama.

Kikohozi cha Léopold kilianza katikati ya mwezi wa saba. Mwanzoni kilikuwa kama cha watoto wote wakati wa kiangazi, nyasi zinapochomwa na moshi unalala juu ya milima. Halafu kikaanza kumpinda, akivuta pumzi kwa mlio kama wa jogoo mchanga, mpaka macho yakawa mekundu. Kifaduro kilikuwa kimeingia vilima vyote vile. Rosalie alimbeba mara tatu mpaka dispensari, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Mwuguzi alimpa dawa ya chupa, na mara ya tatu akamwambia ukweli, kwamba haitamponya. Léopold alikufa asubuhi moja ya mwezi wa nane mikononi mwa mama yake, kati ya kikohozi na kikohozi.

Watu walikuja kuzika. Hakuna aliyetamka neno juu ya hesabu, na kila mtu alilifikiria. Verdiane alikuja pia, akasimama nyuma, akaondoka bila kupewa mkono. Rosalie aliketi penye majivu ya moto wa matanga siku zile na hakulia sana. Sababu ilikuwa imerudi nyumbani kama mgeni anayekijua kigoda chake. Mdomo ulikuwa wa mtoto, lakini shingo iliyotikisika ilikuwa yake. Alijua, na katika kujua huko kulikuwa na utulivu fulani mbaya.

Ndipo alipoanza kumwona Adelaïde. Alimtuma alete viazi vitatu, akaleta vingi mikono imejaa, akavimwaga chini na kuondoka. Alimwuliza kuni ziko ngapi, mtoto akatazama pembeni. Mbele ya maharagwe kwenye ungo alikaa kama mtu asiyeona. Hakuandika tena juu ya majani. Na mwezi wa tisa ulipofika, mvua za kwanza zikaanguka, Evode akatuma neno kwamba Jumatatu shule inafunguliwa, Adelaïde akasema haendi. Séraphin akambembeleza Jumamosi jioni, akamtisha Jumapili, akashuka kazini na uso umeanguka. Evode aliwaambia wazi: benchi litamngoja siku moja, siku ya pili litapata mtu.

Jumapili hiyo baada ya Séraphin kuondoka, Rosalie alimchukua shambani ingawa ilikuwa siku ya Bwana. Udongo ulikuwa bado una joto la kiangazi chini ya unyevu. Akamwuliza kwa nini. Mtoto alikuwa na jibu tayari, amelishika kwa kichwa siku nyingi.

"Ni mimi njo nilimumaliza Léopold. Nilimuhesabu."

Rosalie angeweza kusema si wewe, ni mimi, mimi ndiye niliyetikisa kichwa. Lilikuwa neno la kweli kama alivyoujua ukweli, na lingeutoa mzigo katika bega moja na kuuweka katika lingine. Lakini hofu ingebaki nzima. Mtoto angekua nayo, angezaa nayo, angesimama mbele ya kila meza nayo. Na benchi lilikuwa la Jumatatu.

"Keti," akasema. "Tunafanya hesabu. Kwa Kihunde."

Adelaïde akaziba masikio. Rosalie aliishika mikono yake, akaishusha magotini, hakuiachia. Kisha akasema, kwa lugha ya nyumba, kwa sauti ambayo mtu wa shamba la pili angeisikia, idadi ya watoto aliowazaa: watano. Hakuwahi kuitamka. Alingoja. Upepo ukapita katika matete, kunguru akalia huko bondeni, na hapakuwa na jambo lingine.

"Karani alihesabu nani?"

"Edmond na Céline."

"Wako wapi?"

"Walikufa."

"Epiphanie, nani alimuhesabu?"

Mtoto akafikiri. Alikuwa amesikia hadithi ile ya migomba mara nyingi. "Hakuna muntu."

"Iko wapi?"

"Alikufa."

Rosalie alilisikia jibu hilo kana kwamba limetoka kwa mtu mwingine. Hakuna mtu. Alikuwa amelijua miaka mitatu, na miaka mitatu alikuwa amelizunguka kama unavyozunguka shimo njiani. Lakini hesabu ilikuwa haijaisha.

"Mbele ya padri, wewe ulihesabu nani?"

"Léopold."

"Na nani tena?"

"Na mimi."

"Uko wapi?"

Adelaïde akaitazama miguu yake iliyojaa udongo, kama anayetaka kuhakikisha kwanza. "Niko hapa."

"Basi. Watano. Wanne wameenda. Anabaki ngapi?"

Haikuwa hesabu ngumu kwa mtoto aliyetoa sita katika kumi na tatu kabla kalamu haijashuka. Hata hivyo alichelewa. Midomo ilianza, ikaacha, ikaanza tena.

"Mumoja," akasema, na ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Rosalie alimvuta kifuani na kumwacha alie. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama juu ya kichwa cha mtoto, upande wa matete, na macho yake yalikuwa makavu.

Jumatatu alimpeleka mwenyewe mpaka kwenye tundu la mlango. Mtoto aliingia, akatafuta mahali, akaketi. Evode alisogeza tu kitabu mbele yake.

Rosalie alipanda mlima polepole. Alikuwa amedhani angejisikia mwepesi. Miaka minane alikuwa na sababu. Ilimwuma, lakini ilikuwa kitu cha kushika, na kwayo alijua la kufanya: nyamaza, ficha, taja majina. Sasa kuhara damu kulikuwa kuhara damu. Surua ilikuwa surua. Kikohozi kilikuja na moshi, kikachukua waliochukuliwa, kikawaacha wengine, na hakikuwa kimemsikiliza mtu. Hakuna mdomo uliokuwa na kosa. Hakuna alichoweza kufanya wakati ule ambacho hakukifanya, na hakuna atakachoweza kufanya kama Adelaïde naye akianza kukohoa.

Kwenye mpaka, Verdiane alikuwa analima. Alijinyoosha alipomwona, jembe mkononi, kama alivyojinyoosha kila mara miaka hii mitatu, akiwa tayari kusalimiwa na tayari pia kutosalimiwa. Rosalie alisimama. Alikuwa na neno la kumpa mwanamke yule, tena zito kuliko salamu, naye alilitafuta kwa Kihunde na kwa Kiswahili na hakupata mahali linapoanzia. Verdiane akangoja kidogo, kisha akainama tena kwenye kazi yake.

Rosalie akaendelea kupanda. Séraphin angerudi Jumamosi, angefurahi kusikia kwamba binti yake yuko kwenye benchi, na angeuliza amefanyaje kumpeleka. Itabidi amwambie na yeye pia: kwamba watoto wao walikufa bure.